Kamera ya Tisa

Tulianza na mavi.
Huo ndio ukweli wa kazi hii, wala usione haya:
kuhesabu wanyama wa Kitulo
ni kuchuchumaa juu ya kinyesi,
kukigeuza kwa kijiti, kukinusa,
na kumuuliza Ilomo, "Cha nani?"

Ilomo hajibu haraka.
Hutazama nyasi kwanza, zimelalia wapi,
kisha hutamka jina kama anayemtaja jirani:
"Tohe. Jike. Jana jioni, kabla ya ukungu."
Nami naandika: tohe, moja.
Fomu haina pa kuweka jioni,
haina pa kuweka ukungu.

Mstari wetu ni kilomita mbili, kamba na dira,
kutoka kijitoni hadi mgongo wa kilima.
Alfajiri sakitu imeyashika maua;
ukikanyaga, yanalia chini ya buti kama chumvi kikaangoni.
Fuko wamefukua usiku kucha,
udongo mweusi unafuka mvuke.
Nimehesabu vifusi mia nne na sita
na fuko mwenyewe sijamwona.

"Pofu je?"
"Babu aliwaona. Kundi zima, hapa tuliposimama.
Mimi nimeona pembe tu, kwa mjomba, Matamba.
Walikuwa wanafungia nayo mlango wa zizi."
Naandika sifuri.
Sifuri ndiye mnyama mkubwa kuliko wote huku juu:
hulisha kila safu,
hashtuki,
haachi unyayo.

Siku ya kumi na nane tukavua kamera.
Ya kwanza: nyasi. Upepo. Nyasi.
Ya nne: mondo, masikio yamesimama,
anasikiliza kitu kilicho chini ya ardhi.
Ya sita: nungunungu akirudi kinyumenyume
kama lori lisilo na utingo.
Ya saba: bweha, kisha mbuzi wa mtu,
kisha bweha, kisha mbuzi hayupo.

Ya tisa.
Saa kumi na dakika kumi na mbili za alfajiri.
Mwanamke amepiga magoti, jembe la mpini mfupi mkononi,
kiroba kando, nusu kimejaa chikanda,
vile viazi vya maua vinavyovuka mpaka
kwenda kuliwa kwa watu wasioyajua maua yake.
Mgongoni mtoto, amegeuka kuitazama kamera,
macho yake yanawaka
kama ya kanu.

Ilomo aliishika ile kamera muda mrefu.
"Kitenge hicho," akasema,
"nilikinunua Tunduma. Krismasi ya juzi."
Basi. Hakuongeza.

Mamalia, nilifundishwa Morogoro,
ni mwenye nywele, mwenye damu moto,
anyonyeshaye mwanawe.
Fomu inauliza: Jinsia. Idadi. Anafanya nini.
Jike. Wawili. Anatafuta chakula.
Kila kisanduku kilimkaa sawasawa
kama kiatu kilichopimwa kwa mguu wake,
na kalamu yangu ilikuwa na wino,
na ofisini Matamba askari wa hifadhi
husoma fomu zetu kabla ya chai.

Niliandika: Kamera ya tisa, betri ilikufa.
Betri ilikuwa na asilimia sitini.

Usiku ule, ndani ya hema, hatukuongea.
Alimenya viazi mviringo kumi na viwili,
akavihesabu, akarudisha vinne gunzini.
Kulipokucha akatangulia kwenye mstari
bila kamba, bila kunisubiri,
nami nikamfuata kwa alama za buti zake
kama ninavyofuata kila kitu huku.

Penye bonde la pili akanyoosha kiganja: simama.
Hatua thelathini mbele yetu,
mzima, si kinyesi, si unyayo, si pembe mlangoni,
tohe alikuwa ameinua kichwa.
Alipiga mluzi mmoja mkavu
na nyasi zikamfunika.

"Huyo," akasema Ilomo bila kugeuka,
"mwandike."

Nikaandika moja.
Halafu pembeni, pasipo na safu, kwa herufi ndogo:
asubuhi, sakitu haijayeyuka, tulikuwa wawili.