Maswali ya Sumaku

Mlango ule mtu haingii na chake.
Nimemvua Asaa pete ya fedha, nimeukata
uzi wa hirizi, maana ndani mna kijisanduku cha bati.
Pete nikaivaa kidole cha mwisho isije ikapotea,
nikaona haya, nikaivua, nikampa mkewe.

Siku ya nne hajafumbua macho.
Alianguka Mtambwe, juu ya mkarafuu.
Tawi lilitoa sauti moja tu, wanasema,
wala yeye hakutoa yake.
Kaletwa Unguja kwa ndege ndogo, shingo imefungwa.
Picha ya kwanza haikueleza kitu: fuvu zima,
damu haipo, na mtu hayupo.
Daktari Raya akasema, tuiulize sumaku.

Kumbe sumaku haiulizwi. Ndiyo inayouliza.
Karatasi ninayo mimi, maswali ishirini na mawili:
Ana chuma moyoni? Ana chuma sikioni?
Amewahi kupasuliwa? Amewahi kupigwa risasi?
Bi Time anajibu kama aliyesimama mbele ya kadhi:
"Hana. Hajawahi. Mie ndiye niliyemzaa,
nnamjua toka utosi mpaka ukucha."
Amewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni?
"Hajawahi."

Bikombo akauvuta mtandio, akasema na sakafu:
"Jicho la kushoto. Mwaka juzi, Wete,
alipokuwa akichomelea mageti kwa Saburi.
Alinambia nisikwambie."

Bi Time akamtazama mkwewe
kama mtu aliyekuta chumba asichokijua
ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Basi eksirei ya macho kwanza. Safi.
Cheche ilishatoka na machozi, pengine siku ile ile;
siri ndiyo iliyobaki.

Mashine ya kupumulia haingii, ina chuma tumboni.
Pampu za dawa zimebaki nje, mipira yake
imeunganishwa, imeunganishwa tena, ikapitishwa tundu la ukutani.
Mkasi wangu, saa, kalamu, pini za mtandio: nje.
Vuai, fundi wa picha, aliwahi kuona kiti cha magurudumu
kikiruka kama kishada.
Hacheki anapokuuliza mara ya tatu.
Nikaingia na mikono, na mfuko wa kupumulia.

Minya. Hesabu. Achia.
Minya. Hesabu. Achia.
Sumaku ikaanza kugonga. Si mchi, si nyundo ya bati,
ni mtu kafungiwa ukutani na anajua ana haki ya kutoka.
Masikio nimemziba Asaa, yangu nimeyaziba,
na bado meno yananicheza.
Dakika thelathini na nane nilikuwa mapafu ya mtu.
Gumba likafa ganzi, nikabadili mkono
kati ya pumzi na pumzi, kama abadilivyo mwenye ndoo.
Nilidhani nitasoma dua. Nilihesabu tu.

Picha zikatoka. Kwenye kijivu cha ubongo
nukta nyeusi, ndogondogo, kushoto na kulia,
kama karafuu kavu zilizosahauliwa jamvini
wenyewe wameshazoa.
Mimi sikusema. Alisema Daktari Raya, mtoto wa Kangagani:
"Zimeanikwa."
Akazihesabu kwa ncha ya kalamu, moja moja.
Alipofika kwenye shina la ubongo kalamu ilisimama.
Akasogeza picha juu, akasogeza chini.
"Mshipa huu. Mshipa tu. Shina limesalimika."
Ndipo nilipogundua mkono wangu, mtupu,
bado unaminya.

"Ataamka?" akauliza Bi Time.
"Picha inasema palipoumia, mama. Lini, haisemi."

Hakulia. Alikunja kanga, akaikunjua,
akamgeukia Bikombo:
"Jicho lipi vile, ulisema?"
"La kushoto."

Usiku ule kiti chake alikihamisha.
Alikaa upande wa kushoto wa kitanda.