Sifuri na Pengo

Julai, Hurlingham, manyunyu tangu alfajiri.
Dirisha limetoka jasho. Stima imerudi.
Mezani fomu arobaini na moja kutoka msitu wa Ngong:
zina matope, moja ina duara la kikombe cha chai,
moja imeliwa pembe na mchwa, au mbuzi,
sikuuliza.

Kazi yangu ni kuamini polepole.

Kila mstari naupitisha kwenye chekecheke.
Mti wa mita mia mbili na kumi:
nukta imedondoka njiani, naiokota, nairudisha,
naweka jina langu na tarehe kando yake.
Kiwanja cha kumi na tisa, ukiamini jipiesi,
kimelala katikati ya njia ya ndege pale Wilson;
tarakimu mbili zimepishana kama watu mlangoni.
Lelechwa imekuja kwa tahajia sita,
leleshwa, lelejwa, mahali pengine "lele" tu,
mwandishi alikuwa na haraka, au na mvua.
Zote nazikusanya chini ya jina moja
ila mwandiko wa kwanza siugusi.
Hapa hatufuti. Hapa tunaandika kando.

Kisha wekundu unawaka kwenye skrini.
Mzeituni mwitu, kibao 0412:
mwaka juzi mzingo sentimita sitini na nane,
mwaka huu saba.
Mti haukondi, yasema kanuni,
na kanuni niliitunga mwenyewe.
Kidole kiko juu ya kitufe cha kukataa.

Nampigia Parmuat.
Anapokea akihema, nyuma yake hondohondo wanagombana.
"Huu mti uliupima vizuri?"
Kimya. Halafu:
"Mama, huo walishaukata. Makaa.
Nilichopima ni mtoto aliyechipuka kwenye kisiki.
Kibao kilikuwa bado kimepigiliwa pale chini,
nikaona si vizuri kumnyima namba."

Nazima wekundu. Naandika: ni kweli.
Safu ya maelezo inanipa herufi hamsini tu.

Fomu za Nyabuto, lakini, zilipita zote,
kijani tupu, bila doa.
Viwanja vinane kwa siku moja. Nyasi asilimia arobaini,
arobaini, arobaini na tano, arobaini,
karatasi nyeupe kama shuka la mgeni,
na siku yenyewe naikumbuka:
mvua ilinyesha hadi Ngong Road ikawa mto.
Nilimwita. Alikaa akitazama viatu vyake.
Viatu navyo vilikuwa safi.
Sikumkemea sana. Posho ya wiki ile ilikuwa haijatoka,
na karatasi ya posho ilikuwa kwenye droo yangu,
ikingoja sahihi yangu.

Zile arobaini nikazitenga,
viwanja vinane nikaviacha wazi.

Mkutanoni mkubwa akauliza,
kwa nini usijaze sifuri, mchoro usiwe na mashimo?
Nikamwambia: sifuri ni mtu aliyefika,
akapiga magoti kwenye umande,
akapekua ardhi kwa vidole kipande kwa kipande,
akainuka mikono mitupu.
Hiyo ni habari, na imelipiwa kwa magoti.
Pengo ni mahali ambapo hakuna aliyepiga magoti.
Ukiyachanganya hayo mawili
utaua nyasi ambazo hakuna aliyeziona zikifa.
Akasema, sawa, lakini wafadhili hawapendi mashimo.
Nikasema, wala mimi.

Saa kumi na moja na nusu. Nakala moja kwenye diski,
nakala nyingine kwenye diski ninayoenda nayo nyumbani
ndani ya soksi ya mwanangu, isigongwe.
Kabla ya kuzima nafungua tena 0412.
Saba.
Mwakani, mvua ikituhurumia
na mwenye panga akisahau njia,
natarajia tisa.
Ikija ishirini,
nitampigia Parmuat.