Mizani

Saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa Wilson,
nawasha mizani kabla ya kuwasha jiko la chai.
Inasoma gramu mia mbili na hakuna kitu juu yake.
Nafuta vumbi. Mia mbili.
Nabonyeza sufuri, nayo inatii
jinsi mtu anavyotii akiwa bado ana la kusema.

Kisha yanaingia magunia ya miraa kutoka Maua,
yamevikwa majani ya migomba, yanatoka jasho,
na Abdinoor anayapiga kofi mgongoni kama ng'ombe.
Kilo ishirini na tatu. Ishirini na tatu na nusu.
Dawa za Lodwar. Vifaranga wa siku moja,
kelele nyingi, uzito haba.
Abiria nao: ndege zetu ni ndogo,
kila mtu hupanda na mkoba wake,
na mheshimiwa huvuta tumbo ndani
kana kwamba namba hudanganywa na pumzi.
Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nimelipima kanda la usufi.
Kilo nane na robo.

Babu yangu Kiilu alibeba hapa hapa, bila mizani.
Uwanja ulikuwa wa jeshi wakati ule,
wazungu wakipigana na wazungu wenzao.
Alifyeka nyasi mpaka pale swala walipoanzia,
akaviringisha mapipa ya mafuta,
akabeba masanduku ya mbao yenye mstari mwekundu.
Sajini alijua neno moja tu la kumwambia: polepole.
Hakuambiwa ndani mna nini, wala kilo ngapi,
wala yataangukia paa la nani.
Alirudi Mbooni bega la kushoto limeshuka.
Sisi wajukuu tulilitelezea kama kichuguu.
"Mzigo wa serikali hauna kilo," alituambia,
"una mwenyewe tu."

Abdinoor anasema nyanya yake, huko kaskazini,
aliogopa kila kilichopaa, hata kunguru.
Hakusema zaidi. Nami sikumuuliza ni mwaka gani.
Tulikunywa chai.

Jana lililetwa jeneza.
Fomu inataka uzito wa mbao na uzito wa marehemu,
visanduku viwili, kando kando.
Binti yake akaniuliza, na maua pia?
Nikamwambia ayashike mkononi.
Nikaandika namba moja, ikakaa katikati ya visanduku vyote viwili,
na hakuna aliyerudi kuniuliza.

Mwalimu Nzisa alitufundisha kwamba shairi nalo lina mizani:
nane huku, nane kule, mstari ukizidi unazama.
Leo, rubani akichelewa, nimegeuza fomu ya mizigo
nikaandika nyuma yake kwa kalamu ya kampuni:

Babu ulibeba chuma, bega lako likashuka,
Hukuambiwa kupima, wala pale pa kufika,
Leo mimi nasimama, mizani yangu nashika,
Lakini ule uzito, babu, ule wa masanduku na wa mapaa yaliyokuwa chini yake

Nilihesabu kwa vidole.
Thelathini na moja. Kumi na tano za ziada.
Hapa ziada hulipiwa, hata padri alilipia kengele yake.
Nilijaribu kukata. Nikitoa masanduku, bega linapanda.
Nikitoa mapaa, nyanya wa Abdinoor anabaki na kunguru wake.

"Karani! Karatasi!"
Injini zilikwisha anza kukohoa.
Nikageuza fomu upande wa namba, nikatia sahihi,
Abdinoor akaichukua mbio, nusu imelowa umande wa miraa.

Iliruka saa mbili na dakika tano,
ikaegemea kulia juu ya Lang'ata, ikashika njia ya kaskazini
na kilo elfu moja mia moja na arobaini,
kwa mujibu wa fomu.