MM

Kompyuta ilifika Arua ndani ya gunia la mahindi,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa wa kuvushwa mpaka.
Inawaka. Dirisha la kuingilia linafunguka, buluu, limenyooka.
Mimi naliona. Onzima halioni.
Ameweka vidole juu ya F na J, penye vile vinundu,
anangoja mashine imwambie yuko wapi.

Mashine haisemi.

Naorodhesha kadi za sauti. Kadi sifuri ni ya skrini,
na skrini yenyewe haina spika.
Siku tatu tumetwanga maji kinuni:
kila neno tulilolituma liliingia nyumba isiyo na mlango.
Kadi moja, ile yetu, imekaa mwisho wa foleni
kama mtu aliyefika alfajiri zahanati wasimwite jina.

Nafungua faili, naandika mistari miwili,
sifuri inakuwa moja. Naizima, niiwashe upya.
Umeme unakatika.
Tunakunywa chai. Mwalimu Candiru anauliza mpya ni shilingi ngapi.
Namtajia. Anaongeza sukari.

Umeme unarudi saa tisa. Bado kimya.
"Subiri," anasema Onzima, hedifoni sikio moja.
"Imegonga. Tk. Kama mtu anayemeza mate
kabla hajasema."

Miaka kumi na mmoja ya ufundi, na sikuisikia.

Basi imo. Basi si maiti.
Nafungua kichanganya sauti: nguzo zimesimama,
kijani chini, nyekundu kileleni, zimejaa pomoni,
na kwenye kitako cha nguzo ya kwanza
herufi mbili nilizozipita siku zote tatu:
MM.

Midomo miwili imefumbwa.
Sijui nani aliifumba. Labda ndivyo zinavyozaliwa kadi hizi,
zimeshaambiwa nyamaza
mpaka atokee wa kuziruhusu.

"Bonyeza M," namwambia. Si kazi yangu hii.
Kidole chake kinateremka kutoka J, hatua moja tu.
MM ikawa 00,
vinywa viwili wazi, kama vya makinda kiotani.

Ikatoka sauti ya puani, Kiswahili cha bati,
mkazo umekaa kila mahali isipopaswa:
"Kuu. Asilimia. Sabini na nne."
Onzima akacheka hadi akaishika meza.
"Ina mafua," akasema.

Kisha akaniomba nisogee.
Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kibodi,
naye alikuwa na barua ya kuandika.