Kipengele cha Tisa

Ghala la korosho la zamani, Newala.
Msimu umekwisha, magunia yameondoka,
imebaki harufu ya mafuta ya ganda, ile inayokera koo.
Adelina Ntandi aliomba funguo kwa chama,
akapewa wiki mbili, bila umeme.

Mlangoni wanakupa namba.
Mimi thelathini na nne. Nikacheka:
miaka kumi na mmoja nagawa namba dirishani,
leo nimepangwa foleni.

Ndani, chini, maranda ya mpingo,
magunia kama sita, yamemwagwa ukuta hadi ukuta.
Unayakanyaga, njia nyingine hakuna.
"Ya babu," kijana wa zamu anaeleza. "Alikuwa hatupi."
Babu Matei, aliyevuka Ruvuma na tezo kiunoni,
akakata mkonge Kikwetu; mchana wa kampuni,
usiku wake mwenyewe. Akachonga
watu waliobebana, huyu begani kwa yule,
mpaka gogo likaisha kabla ya ukoo.

Vinyago vyenyewe havipo, hata kimoja.
Vimeuzwa, wametunukiwa wageni, vimepanda ndege.
Kuna stuli tupu zenye vumbi,
na katikati ya kila vumbi, duara safi.

Ukuta wa mwisho, vitu viwili.
Kushoto kalenda: kinyago cha watu waliobebana,
chini yake, kwa dhahabu, FAHARI YA TAIFA LETU.
Naijua. Mwaka mzima ilining'inia
ofisini, juu ya kichwa changu.

Kulia, fomu.
Kipengele cha tisa: Mahali alipozaliwa babu.
Jibu, wino wa bluu: ng'ambo ya mto.
Halafu wino mwekundu, herufi zimelalia kushoto,
zina haraka ya saa nane na nusu:
Mwombaji alete uthibitisho.

Mwandiko wangu.

Sikumkumbuka. Ningemkumbukaje?
Siku zile walikuwa tisini kabla ya chai.
Na fomu sikuitunga mimi.
Nilitaka kumwambia hivyo. Alikuwa pale karibu na mlango,
ameinama, anamfunga mtoto kiatu.
Hakuniuliza kitu.

Bibi yangu alikuwa na chale mashavuni
na tundu la ndonya juu ya mdomo,
akilifunika kwa pindo la kanga ikitolewa kamera.
Akisema "kwetu" hakuonyesha kwa kidole;
alielekeza kidevu, kusini, bondeni, kwenye ukungu.
Kwenye fomu yangu niliandika Newala.
Muhuri niligonga mwenyewe.

Jioni mke wangu akafuata weusi sakafuni,
kizingitini, ukumbini, hadi miguuni pangu,
ufagio mkononi:
"Baba Somoe,
umetoka wapi?"