Maoni ya Mwalimu wa Darasa

Mama Lushinge,
fomu ya ripoti imeniachia mistari miwili,
na mmoja umeshaliwa na muhuri wa shule.
Kwa hiyo nageuza karatasi, naandika mgongoni.

Mwaka jana, palipoandikwa Tabia,
walijaza: haketi, hasikii, anasumbua wenzake.
Januari nami nilishika kalamu hiyohiyo.
Nilimpigisha magoti mlangoni,
naye kwenye magoti yake akamhesabu mdiria
anayejitupa ziwani nyuma ya jiwe kubwa.
"Mara kumi na tisa, mwalimu. Samaki wanne tu."
Ubaoni nilikuwa nafundisha kutoa.
Yeye alishapata jibu:
mara kumi na tano, ndege katoka patupu.

Hali yake sijui inaitwaje.
Hospitali wanalo jina, refu,
na foleni yake ni ndefu zaidi.
Mimi nina chaki, watoto tisini na wanne,
na huyu mmoja ambaye masikio yake ni mlango usio na komeo.
Pikipiki ikipita, inaingia.
Kunguru, anaingia.
Harufu ya dagaa wako walioanikwa mchangani
inaingia, inavuta kiti, inaagiza chai.
Mimi na tebo ya saba tumebaki nje, tunapiga hodi.

Basi nikachukua boksi tupu la chaki,
nikalikata dirisha dogo, upana wa swali moja.
Analilaza juu ya ukurasa, maswali yote yanazama,
linaelea moja.
Analimaliza, anasogeza.
Yakifika matatu namwambia: nenda kaliguse jiwe, urudi.
Wenzake wakanung'unika. Nikasema, haya, nendeni na nyie.
Sasa kati ya darasa na jiwe nyasi zimekufa,
pana kinjia chembamba cha nyayo,
na mwalimu mkuu anauliza nani kamruhusu nani.

Kokoto lililo mfukoni mwake ni la kazi.
Vidole vikipata shughuli, kichwa kinakaa.
Ukilikuta siku ya kufua, usilitupe.

Sitaki nikudanganye, mama.
Jumanne alivunja kalamu tatu, mbili zangu.
Ijumaa nilimfokea; kosa hakuwa nalo,
ni mimi niliyechoka.
Nikamwomba radhi mbele ya wote.
Alinitazama muda mrefu, muda ambao
sijawahi kumwona akitazama kitu kimoja,
kisha akasema, "Mwalimu, una chaki kwenye nywele."

Nyumbani usimtume vitu vitatu kwa pumzi moja.
Chumvi. Arudi. Ndipo kiberiti.
Kabla hujaita jina lake, mguse bega.
Na mkipima dagaa wa kupeleka Mwaloni,
idadi ya makopo mwachie yeye.
Dada yake kaniambia hajakosea hata siku moja,
ila mzigo wenyewe aliusahau barabarani.

Najua huko mtaani wanamwita kichwa maji.
Sawa.
Sisi ni watu wa ziwa.
Nani kati yetu aliwahi kuyafunga maji kamba?
Tunayachota,
ndoo kwa ndoo,
na nyingine inamwagika njiani.

Hisabati: hamsini na nane.
Swali la tisa kaliacha nusu.
Pembeni kamchora mdiria, mdomo chini,
na chini ya mstari wa maji
kawachora samaki ambao ndege hakuwaona.
Nimewahesabu. Ni kumi na tano.
Sikuweka kosa, sikuweka vema.
Nimeweka nukta ya penseli:
hapa tutarudi.

Shule inafunguliwa tarehe saba.
Daftari kubwa moja, sare iliyoshonwa kwapani,
na kokoto lake.

Mwl. Milembe,
Darasa la Tatu B, Igombe