Kidole Chenye Mate

Mchana mimi ni fundi. Kibao ndivyo kinavyosema,
rangi ya mafuta juu ya bati, hapa Mkuti, Masasi:
REDIO, PASI, FENI. KAZI YA SIKU HIYOHIYO.
(Siku hiyohiyo ni uongo.)

Watu huleta kilichonyamaza,
nami nakirudisha kuongea kama kilivyokuwa kikiongea.
Haki yao. Wamelipia.

Lakini kuna boksi chini ya meza.
Humo wamo wasiorudiwa na wenyewe:
saa ya mezani iliyosahau adhana yake,
kinanda cha plastiki, meno manne yameng'oka,
redio ya mawe matatu iliyonunuliwa mwaka wa korosho nzuri
ikatelekezwa mwaka uliofuata, bei ilipoanguka,
na mwanasesere anayehesabu kwa Kichina.

Usiku namfungua mmoja mgongo.
Sifuati mchoro. Nalamba kidole,
nakitembeza juu ya saketi polepole
kama mtu anayesaka kiroboto kwenye manyoya ya mbwa,
mpaka kitu kipige yowe.
Hapo. Natia alama kwa chaki ya cherehani.
Waya mwembamba, tone la risasi, moshi machoni,
inafunguka njia ambayo kiwanda hakikuichora.

Mawe tu, lakini. Umeme wa ukutani si mtani wangu.

Kinanda kimeziacha nyimbo zake kumi.
Sasa kinakoroma kama mashine ya kukoboa iliyolegea mkanda,
kisha kinadondosha sauti mojamoja,
korosho juu ya turubai.

Nimeua vingi, sikatai.
Ile redio ilinuka, ikatoa uzi wa moshi,
ikaondoka na yote iliyowahi kuyasikia.
Nilikaa nayo mpaka ikapoa.

Jana Esha Namalenga, jirani, mwenye chaki,
alichungulia. Mwanasesere yuko mezani, kifua wazi.
"Unamtesea nini?"
Nikagusisha waya. Hesabu ikakatika katikati,
ikajikunja, likatoka nusu neno
ambalo Esha aliapa ni Kimakua,
neno la bibi yake la kufukuzia ngedere shambani.

"Rudia."

Nikagusa. Halikurudi.
Nikagusa juu, chini, kwa mate, kwa maji ya chumvi;
yakaja mengine, mengine ya kuchekesha,
si lile.

Akaenda akafunga cherehani yake, saa moja kabla ya wakati,
akarudi na kigoda,
akalamba kidole.